Shukrani kwa dada wa duka la dawa za mifugo

Dada yangu, sikukuuliza hata jina. Jumamosi usiku niligonga dirisha la duka lenu nikiwa nimembeba mbwa wangu, Simba, anahema na kutetemeka baada ya kula chokoleti. Mkononi nilikuwa na chumvi, nimnyweshe atapike. Uliichukua chumvi ile ukaniambia nayo inaweza kumuua. Kisha ukauliza: amekula chokoleti gani, kiasi gani, saa ngapi, ana kilo ngapi? Kilo 8, nikajibu, na gramu 100 za ile nyeusi, chungu, ya kupikia keki. Uso wako ulibadilika. Ulinieleza kwamba kakao ya chokoleti ina theobromini, kemikali ambayo mwili wa mbwa huitoa polepole mno, na kadiri chokoleti ilivyo nyeusi ndivyo sumu inavyozidi. Moyo huenda mbio, degedege hufuata.

Ulifunga duka ukatupeleka kwa daktari kwa gari lako. Akawekewa dripu, akapewa dawa ya kutuliza moyo na mkaa wa kunasa sumu. Ulikaa nasi kwenye benchi hadi saa nane usiku!

Leo Simba amemaliza ugali wake wote. Mungu akubariki, dada. Karibu nyumbani, watoto wanataka kukushika mkono.