Bei ya viazi huanzia mawinguni

Mhariri,

Bei ya viazi mviringo ikipanda, lawama zote humwangukia mchuuzi. Lakini kiazi hupenda ubaridi kiasi, nyuzi 15 hadi 20 hivi. Usiku ukiwa wa joto, mmea hunawiri majani tu, chini hakuna cha maana. Mvua nazo zikizidi, baka jani chelewa, ugonjwa unaoozesha majani na viazi, huweza kuteketeza shamba kwa siku chache. Ndio ugonjwa ulioanzisha njaa kuu ya Ireland mwaka 1845. Hata mavuno yakiwa mengi, viazi vilivyochimbwa kwenye tope huoza ghalani, kwa hiyo mkulima huviuza upesi kwa bei ya kutupa. Baadaye vinaadimika, bei inaruka (ajabu iko wapi?). Naomba gazeti lichapishe utabiri wa mvua kando ya bei za soko.

Msomaji wenu