Kuhusu ile mashine ya Salim

Mama Salim shosti wangu,

Mambo vipi, wazima huko Tanga? Sisi huku Dar tupo, joto tu ndo linatumaliza. Voisi yako niliisikiliza yote mpaka mwisho, nimeona bora nikuandikie kwa kirefu maana kwenye simu shemeji akiwa pembeni najua hutaniuliza unayotaka kuniuliza.

Sa hiyo mashine ya umeme uliyotumiwa kwenye grupu, unayotaka kumnunulia mwanao Salim anayefunga choo na kujichafua, muuzaji anasema inatibu presha, kisukari, nguvu za kiume na kufunga choo. Hapo tu ushajua. Ila usiizike habari nzima, maana ndani ya huo uongo kuna kitu cha kweli kabisa, na sisi mafizio, watu wa tiba ya viungo na misuli, tunakijua.

Kilianzia Melbourne, Australia. Mafizio walikuwa wanatumia umeme mdogo wa kupitisha juu ya ngozi, hakuna sindano wala kisu, kwa watu wasioweza kuzuia mkojo, wakaona baadhi yao wanaanza kuharisha. Kwa mgonjwa wa kibofu hiyo ni kero, lakini kuna watu wakajiuliza, je yule ambaye choo kimegoma kabisa? Ndo fizio mmoja anaitwa Janet Chase, pamoja na kina profesa John Hutson ambaye ni daktari wa upasuaji wa watoto na mtafiti Bridget Southwell, wakawajaribishia watoto 8 ambao dawa zilishashindikana, wakachapisha majibu mwaka 2005 kwamba kujichafua kumepungua na choo kinatoka. Watoto wenyewe ni kina Salim watupu, choo hakionekani siku nyingi alafu nguo ya ndani kila mara imechafuka.

Na hapa nisimame kidogo, maana ulisema baba yake anamchapa akijichafua. Shosti, mwambieni aache, tena leo. Choo kigumu kikikaa pale chini muda mrefu kinatanua utumbo mpaka mtoto hasikii tena kama umejaa, sasa kile kilaini cha juu kinapenya pembeni kinatoka chenyewe, Salim anakuja kujua pale harufu inapomfikia kama wengine wote. Si uvivu wala ukaidi. Ukimchapa anaogopa choo, akiogopa anabana, akibana kinazidi kuwa kigumu, mnazunguka hapo hapo. Ongea na mwalimu wake pia, kwa siri, amruhusu kutoka bila kunyoosha mkono mbele ya darasa.

Haya turudi kwenye mashine. Ile ya Melbourne ina padi nne, mbili tumboni chini ya mbavu, mbili mgongoni, na nyaya zinapishana, ya mbele kulia inaenda na ya nyuma kushoto. Njia moja inapitisha mawimbi kama 4000 kwa sekunde na ya pili inazidi kidogo, zinapokutana ndani ya tumbo tofauti yao inatengeneza mpigo wa 80 mpaka 150, kama ngoma mbili zinazopigwa karibu sawa ila si sawa, ukisikiliza unasikia mdundo wa tatu. Huo ndo unaofika ndani kwenye neva za utumbo bila kuunguza ngozi. Mtoto anasikia kama anatekenywa, haumii. Mwanzo walikuwa wanafanya klinik dakika 20 mara tatu kwa wiki, baadae wakawafundisha wazazi wakafanya nyumbani saa moja kila siku kwa mashine ya betri, na kile kipimo cha kufuatilia chakula kinavyosafiri kwenye utumbo mpana kikaonyesha kinakwenda haraka kuliko mwanzo. Inafanyaje hasa, wengine wanasema ni neva za uti wa mgongo, wengine wanasema ni zile seli zinazoupa utumbo mwendo wake, bado wanabishana.

Sa hako kadude ka kwenye grupu, kwa picha ulionitumia, ni TENS ya kawaida ya padi mbili, ya maumivu ya mgongo. Ni mashine halali, hata mimi ninayo kazini, ila si hiyo ya Melbourne. Ukimfunga Salim padi mbili kwenye kitovu unapoteza hela tu.

Na hata hiyo yenyewe nisikupambie. Mwaka 2016 wale wa Cochrane wanaopitia tafiti za dunia nzima waliangalia umeme huu kwa watoto wenye kufunga choo, wakapata utafiti mmoja tu wa kuuweka kwenye mizani, watoto 46, wakasema ushahidi ni mdogo. Na umeme una tabia ya kudanganya. Uingereza walijaribu ule wa neva ya kifundo cha mguu, wa kisindano, kwa watu wazima 227 wanaovujwa na choo, waliopata umeme wa kweli 38% wakapata nafuu, waliopata wa kuigiza nao 31%! Lile ni tatizo jingine sawa, lakini unaona jinsi mtu akifungwa nyaya tu moyo wake unavyotulia. Ndo maana ukisikia mtu anakwambia "jirani yangu alipona", muulize alikuwa anatumia na nini kingine.

Mimi ningekuwa wewe ningeanza hivi. Hospitali kwanza wamkague kama tumbo limejaa, maana mzigo wa zamani lazima utolewe na dawa za kulainisha choo, makrogoli au laktulozi, kwa dozi ya daktari na kwa miezi, sio unampa wiki moja akienda mara mbili unaacha. Sanamaki na mafuta ya nyonyo ya bibi weka pembeni kwanza. Kila akimaliza kula akae chooni kama dakika tano, miguu ikanyage kigoda magoti yapande juu ya nyonga, maana tumbo likipata chakula utumbo mpana nao unaamka. Alafu waulize swali hili moja: utumbo wake ni mvivu njia nzima, au unafika vizuri ila misuli ya mlangoni ndo haifunguki? Umeme wa tumboni ni wa huyo wa kwanza. Huyo wa pili anafundishwa kulegeza misuli, ni kazi yetu mafizio, haina haja ya nyaya.

Na niambie ukweli, alipozaliwa kile choo cheusi cha kwanza kilitoka lini? Kama kilipita siku mbili mwambie daktari, asikipuuze. Na akianza kutapika, tumbo likavimba, au ukaona damu au anapungua uzito, usisubiri mimi wala mashine, mpeleke siku hiyo hiyo.

Hela ya mashine usitume bado. Nipigie ukishatoka hospitali, na unipigie picha karatasi ya dawa alizoandikiwa. Msalimie mama, mwambie ule ukwaju umefika.

Wako,
Mama Neema