Mdogo wangu, Mama ameshaanza kuuliza siku ya maonesho

Mdogo wangu,

Nimesoma ujumbe wako kwenye kundi la familia mara tatu, na nimeona nikujibu hapa hadharani kwa sababu najua hauko peke yako. Umesema mwaka huu tuachane na Maonesho ya Jimbo la Minnesota, haya ya wakulima na wafugaji huku Marekani. Jua kali, foleni, hela inateketea, na zaidi ya yote hiyo ni mila ya watu, bora tukae uani kwetu tuchome nyama. Kuhusu jua na foleni sina ubishi na wewe. Hilo la mila ya watu ndilo limeninyima usingizi.

Kumbuka tulikotoka. Kila Agosti Mama alituamsha alfajiri kule Tukuyu, tukabanana kwenye Coaster hadi Mbeya, uwanja wa John Mwakangale, kwenye Nane Nane. Sisi tulitaka bembea na soda. Yeye alikwenda moja kwa moja kwenye vipando, akachutama, akapapasa majani ya viazi kama anayemgusa mtoto mwenye homa, kisha akahamia kwenye mabanda ya mifugo, na hapo ndipo ilikuwa kazi kumtoa. Mtamba wake wa kwanza alimpata kwa mpango wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe, na ndama jike wa kwanza akamkabidhi jirani kama ilivyotakiwa. Ada zetu zilitoka kwenye ndoo ya maziwa, zangu na zako.

Halafu mkaja huku, yeye anisaidie kulea watoto na wewe usome. Mchana ulikuwa shuleni, kwa hiyo hukuyaona niliyoyaona mimi. Mwanamke aliyekuwa akiitwa usiku wa manane na majirani aje azalishe ng'ombe wao, sasa mtu akibisha hodi anajificha chumbani kwa sababu hajui atamjibu nini. Dukani ananyoosha kidole. Ikafika mahali akawa hazungumzi hata na sisi.

Mwaka ule wa kwanza tulikwenda kwa sababu mwenzangu wa kazini aliniambia kuna mahali wakulima wa jimbo zima wanaleta mifugo yao. Falcon Heights, katikati ya Minneapolis na Saint Paul, siku 12 zinazoishia Jumatatu ya kwanza ya Septemba, Siku ya Wafanyakazi ya Marekani. Tuliacha gari kwenye maegesho ya mbali, tukapanda basi. Mama alikaa dirishani ameushika mkoba wake kwa mikono miwili.

Unakumbuka jengo la mifugo inayozaa? Mbuzi, nguruwe, kondoo, ng'ombe, wote wanazalia pale pale mbele za watu, madaktari wa mifugo wakiwa pembeni. Kulikuwa na ng'ombe mweusi na mweupe, Friziani kabisa, ameanza uchungu. Mama akajipenyeza hadi kwenye uzio. Miguu ya mbele ilipochomoza akanong'ona, "Sasa pua." Pua ikaja. Daktari mmoja, msichana mdogo tu, akamwona anavyotazama, akauliza kama amewahi kuzalisha. Wewe ndiye uliyetafsiri. Ulikuwa na miaka 14, sauti ndiyo kwanza inavunjika. Mama akasema, "Mwambie nimeacha kuhesabu." Ukamwambia. Yule daktari akaanza kumuuliza mambo: ndama akitanguliza matako unafanyaje, usiku hamna taa unafanyaje. Mama akaeleza kwa mikono yote miwili, nawe ukatafsiri, na watu waliokuwa karibu wakanyamaza kumsikiliza mama yetu. Mimi nilikuwa nyuma yenu na mtoto mgongoni, nalia.

Usiku ule Mama aliongea mpaka tukalala.

Tangu hapo tuna utaratibu wetu, na hakuna aliyetupangia. Tunaanza na siagi. Mama hachoki kutazama binti wa wafugaji amekaa ndani ya chumba cha vioo kinachozunguka, baridi ya friji, koti mwilini, huku mchongaji anachonga sura yake kwenye bonge la siagi la kama kilo 41. Linda Christensen aliifanya kazi hiyo kuanzia 1972 hadi 2021, na Mama alipoambiwa kuwa amestaafu alisikitika kama amefiwa na jirani. Kutoka hapo, mabanda ya ng'ombe. Baadaye picha za mbegu, zile zinazogundishwa punje kwa punje, kwa mbegu za mazao yale tu yanayolimwa Minnesota. Anaita kila punje kwa Kinyakyusa, wajukuu wanarudia. Maneno mengi ya kilimo wanayoyajua watoto wangu kwa lugha ya bibi yao wameyapata mbele ya picha zile. Mwisho mahindi ya kuchoma. Wenyeji wanayachovya kwenye siagi iliyoyeyuka. Mama anatoa ndimu na pilipili kwenye mkoba.

Unasema mila ya watu. Watu gani? Maonesho haya yalianza 1859, na mahali yalipo sasa, ambapo yamekuwa tangu 1885, palikuwa shamba la kaunti la kuwatunzia maskini. Miaka ya mwanzo kweli tulikuwa tunawahesabu weusi wenzetu kwa vidole, nakubali, na yapo macho yaliyotutazama vibaya ambayo sijayasahau. Leo simama kwenye foleni ya maziwa usikilize: Kihmong, Kisomali, Kioromo, na mwaka juzi nyuma yetu Kiswahili cha Bukavu. Wazee wao nao wana mikono kama ya Mama. Wanasimama mbele ya ng'ombe na hakuna anayewauliza kiwango chao cha Kiingereza.

Katika historia yake yote maonesho yamekosa kufanyika miaka sita tu: 1861 na 1862 kwa vita, 1893 yalipogongana na maonesho ya dunia ya Chicago, 1945 kwa uhaba wa mafuta, 1946 kwa polio, na 2020 kwa korona. Mwaka huo wa korona Mama alivaa nguo zake za maonesho asubuhi, akakaa nazo sebuleni. Hukuwepo, ulikuwa umeshahamia Texas. Nilikupigia simu ukasema nimpe pole.

Sasa magoti yake yameisha. Mwaka huu tutakodi kiti cha magurudumu, na mimi peke yangu siwezi kumsukuma huku nawaangalia watoto. Ila hilo siyo kubwa. Kubwa ni kwamba watoto wangu Kinyakyusa chao ni cha mbegu na mahindi tu. Bibi yao akianza kuongea na wale madaktari hawawezi kumfikisha. Mimi nikijaribu kutafsiri, maneno yanakwama kwenye koo kila nikimwona amesimama pale, nawe unalijua hilo. Kila mwaka anauliza, "Mkalimani wangu anakuja?"

Nyama tutachoma Jumapili. Jumamosi ni maonesho. Kata tiketi ufike Ijumaa usiku, njoo na kofia. Ndimu Mama ameshanunua.

Dada yako.