Methani inayovuja nayo iingie kwenye hesabu

Ndugu Mhariri,

Kila meli mpya inayoendeshwa kwa gesi asilia inaposhushwa majini, vyombo vya habari huipokea kwa sifa zilezile: ni safi, imepunguza hewa ukaa kwa robo. Robo hiyo siibishii sana, kwani gesi ina kaboni kidogo kuliko mafuta mazito. Salfa nayo karibu inaisha. Tatizo ni kwamba hesabu inaishia kwenye gesi iliyoungua.

Ipo isiyoungua. Katika injini nyingi za mipigo minne, gesi huingia kwenye silinda ikiwa imeshachanganyika na hewa. Pistoni ikibana, sehemu ya mchanganyiko husukumwa kwenye mwanya mwembamba juu ya ringi, na nyingine hubaki kwenye kuta zilizopoa ambako moto haufiki. Valvu ya moshi ikifunguka, gesi hiyo, ambayo kwa sehemu kubwa ni methani, hutoka kama ilivyoingia. Kwa kipimo cha miaka 20, kilo yake moja hupasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko kilo ya hewa ukaa. Asilimia tatu tu ikivuja, meli ya gesi inaipita ya mafuta mazito kwa madhara.

Na asilimia tatu si kutishana. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya nishati ya meli, iliyoanza kutumika 2025, inazikadiria injini hizo kuvuja asilimia 3.1. Watafiti wa ICCT, shirika la kimataifa la utafiti wa usafiri safi, waliopima moshi wa meli zikiwa kazini walipata wastani wa 6.4. Mzigo wa injini ukipungua, mathalani meli inapotambaa kuingia bandarini, uvujaji hupanda.

Ila zipo injini kubwa za mipigo miwili zinazopuliza gesi kwa shinikizo kubwa, pistoni ikiwa karibu kufika juu, nayo ikaungua papo hapo. Hizo kanuni hiyohiyo inazikadiria asilimia 0.2. Tofauti ni zaidi ya mara kumi, na zote tunaziita “meli za gesi”! Kipimo cha IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa baharini, cha ufanisi wa meli mpya nacho huhesabu hewa ukaa peke yake, kwa hiyo injini mbovu hupita bila kuulizwa.

Basi mwandishi wenu akialikwa tena kwenye uzinduzi, amwulize mwenye meli mambo mawili: injini ni ya aina gani, na uvujaji wake ulipimwa ikiwa na mzigo kiasi gani. Majibu yachapishwe pamoja na hiyo robo.

Msomaji wenu,
Fundi mitambo ya meli