Barua kwa shoga yangu wa Tanga: mie na besi

Kikwajuni, Unguja

Shoga yangu,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, mie sijambo, mama hajambo, na watoto wa dada wote wazima, kelele ndiyo usiseme. Barua yako nimeipata kwa yule kijana wa boti. Nilipofika pale unaponiambia "nasikia fidla umeitupa, siku hizi unabeba gitaa begani kama mwanamme," nilicheka hadi mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Sijaitupa. Imo ndani ya kasha lake juu ya kabati na mara kwa mara naiteremsha isinisahau. Lakini umbea uliokufikia ni wa kweli: gitaa la besi nimelishika, na sina nia ya kuliacha.

Mpiga besi wa klabu yetu ya taarab kapata kazi hotelini huko Nungwi, kila usiku anawapigia watalii, na malipo yake klabu hatuyawezi. Wapiga fidla tupo, wa udi wapo, wa kinanda ndiyo wanagombania kiti. Besi haina mtu. Na sababu unaijua: nani kamwona mpiga besi akitunzwa harusini? Noti za elfu tano zinakwenda kwa mwimbaji, zikizidi zinafika kwa fidla, na huko nyuma tunapata upepo wa feni. Basi nikasema nipeni mie.

Wote waliniambia wewe una masikio, hutapata tabu. Masikio ninayo. Tabu iko vidoleni. Fidla, toka uzi mnene kwenda mwembamba, ni sol, re, la, mi. Gitaa la besi ni mi, la, re, sol. Majina yale yale manne, yamepangwa kinyume! Ukivuka uzi mmoja kwenye fidla umepanda sauti ya tano, ukivuka kwenye besi umepanda ya nne. Kwa hiyo mkono unakwenda mahali unapopajua tangu utotoni na unachokikuta hapo si unachokitaka. Halafu huo urefu. Uzi wa fidla unaolia ni kama sentimita 33, wa besi ni 86. Ukiwa karibu na vigingi, vidole vinne havitoshi kugawana nafasi kila kimoja na freti yake, yaani vile vyuma vinavyoigawa shingo, labda uwe na mkono wa mvuvi. Kaka anayenifundisha kanionyesha njia ya wapigaji wa besi kubwa ya kusimama: kidole cha shahada, cha kati, kisha cha pete na cha mwisho vinabana pamoja kama kimoja. Mkono umeacha kuuma tangu nifuate njia hiyo.

Malengelenge nimeyapata mkono wa kulia, si wa kushoto. Wa kushoto una sugu za fidla, zimenifaa. Wa kulia maisha yake yote ulishika upinde, sasa unaambiwa uchokoe nyuzi nene kama waya wa kuanikia nguo. Kaka huyo alinisimulia habari za James Jamerson, yule wa Detroit, Marekani, aliyepiga besi kwenye nyimbo chungu nzima za Motown, ile kampuni ya santuri. Alianzia besi kubwa ya kusimama, akahamia kwenye ya umeme miaka ya 1960 ikianza, na alibaki akivuta nyuzi kwa kidole kimoja tu, cha shahada. Sisi wengine tunahangaika kupokezanisha viwili.

Lakini kuna kitu sijakisikia kwa yeyote, nimekigundua mwenyewe na ndiyo hasa sababu ya kukuandikia kirefu hivi. Kilichonisaidia kwenye besi si fidla, wala kinanda nilichojifunza baadaye. Ni sanduku!

Unakumbuka lile sanduku la mjomba la kidumbak, ile ngoma ya harusini iliyo ndugu wa taarab? Kasha la mbao la majani ya chai limepinduliwa, uzi mmoja umetoka katikati, umefungwa kwenye fimbo. Ukiivuta fimbo uzi unakaza na sauti inapanda, ukiilegeza inashuka. Halina freti, halina alama, na mjomba hakumfundisha mtu. Alikuwa akinipa nilivute watu wakienda kula. Sauti yake ni fupi, dum, imekufa. Nafasi yake ni kati ya vile vigoma viwili, vidumbak, huku cherewa (manyanga) na mikwasa (vijiti vya kugonganisha) zikienda juu kwa juu. Ukiliweka pasipo pake hata bibi aliyekaa ukumbini anafunga khanga atajua kuna jambo.

Sasa hicho ndicho besi inachotaka. Kwenye fidla nimesumbuka miaka sauti isife, upinde ugeuke bila msikilizaji kujua umegeuka. Gitaa la besi halihitaji kubembelezwa lilie. Ukiuchokoa uzi mmoja unalia mpaka uuzime, na ule wa jirani nao unaitikia bila kuulizwa. Nusu ya kazi ni kuzima. Gumba la kulia linalala juu ya uzi wa mi, vidole vya kushoto vinainuka kidogo tu bila kuuacha uzi, na noti inakatika pale unapotaka. Wapiga gitaa la solo wanaokaimu besi hawalijui hili, ndiyo maana ukiwasikia spikani ni mngurumo mtupu. Ile mi ya chini kabisa ni mitikisiko kama 41 kwa sekunde, unaisikia zaidi tumboni kuliko masikioni, na noti mbili zikipandana hutaijua hii wala ile.

Jingine ni nani wa kumsikiliza. Mpiga fidla anamfuata mwimbaji, akipumua naye anapumua. Harusini juzi akinamama wamesimama kutunza, foleni imefika mlangoni, na mwimbaji wetu, unamjua alivyo, anarudia kiitikio mara isiyo na hesabu na kila mara anakichelewesha apokee vizuri. Fidla zilikuwa zinaning'inia naye. Mie ningemfuata ngoma ingeanguka. Nikamgeukia mpiga ngoma wetu, wa dumbaki, nikaangalia mkono wake na si uso wa mwimbaji, tukashikana mie na yeye mpaka foleni ikaisha. Hakuna aliyekuja kunitunza, lakini wa dumbaki aliniinamishia kichwa, na yule hainamishi kichwa ovyo.

Na ubabe wa besi nimeuonja, nakwambia kwa siri. Fidla ikishika la ikaivuta, hiyo la ni yangu kuiamua. Nikipiga re chini yake inakuwa na maana moja, nikipiga fa inageuka, nikipiga la yenyewe inatulia. Mwenye fidla anadhani yeye ndiye anayeongoza. Nilidhani hivyo miaka yote.

Kasoro ninayo moja, na hiyo haitibiki kwa mazoezi: Rast, ule mpangilio wa noti wa Kiarabu tunaoutumia kwenye taarab. Unajua mi ya Rast haikai kwenye mi ya kinanda, iko chini yake kidogo, na ya Bayati, mpangilio mwingine, nayo imekaa katikati kabisa ya re na fa. Fidla inaifikia, udi unaifikia, hata ile besi kubwa ya wazee wa Culture na Ikhwani Safaa, vilabu vya taarab vya hapa Unguja, inaifikia, maana shingo yake ni tupu. Gitaa la besi lina freti, na ukigusa mi yake chini ya Rast kila mwenye masikio anageuka. Baadhi ya vinanda vya sasa angalau vina kitufe cha kurekebisha robo sauti. Dawa yangu ni kukaa kwenye do na sol na kuikwepa ile ya tatu, niwaachie fidla. Yapo magitaa ya besi yasiyo na freti, lakini hili ni la klabu, na mwekahazina ukimtajia kununua gitaa jipya anaanza kuzungumzia bili ya umeme.

Ndipo nilipokukumbuka wewe na mji wako. Nyinyi watu wa Tanga ndio mliotangulia kutia gitaa na besi ya umeme kwenye taarab, enzi za vikundi vya Black Star na Lucky Star, huku kwetu wazee wakiwa na fidla zao nyingi na kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya kulaza. Nimekuwa nikizisikiliza upya nyimbo zile za Shakila, mwimbaji wao, nikimwacha yeye aimbe peke yake na sikio nikalipeleka chini. Besi pale haitembei ovyo, lakini haikai pia. Kuna mahali inapanda hatua tatu kabla ya kiitikio na kurudi, na kila nikiijaribu inatoka nzito kuliko yao.

Kwa hiyo nina ombi. Ulisema mtaani kwenu yupo mzee aliyekuwa akipiga besi zamani na bado anapigapiga barazani jioni. Mpelekee salamu zangu na kashata, ukae naye hata nusu saa, na unitazamie mkono wake wa kulia. Anachokoa kwa vidole au kwa kile kipande cha plastiki? Na akimaliza noti anaizima kwa mkono upi? Usimuulize, wazee ukiwauliza wanakupa hadithi ya maisha. Mtazame tu, kisha niandikie, au ukija Idi uje unionyeshe mwenyewe.

Wasalimie wote nyumbani. Mama anasema usisahau ukili wake.

Ni mie shoga yako