Abiria wa Bonyokwa anafikaje Kimara?

Mhariri,

Kila usafiri wa mabasi ya mwendokasi unapolalamikiwa, hoja huwa ni moja: mabasi hayatoshi. Ni kweli. Lakini abiria wa mitaa kama Bonyokwa au King'ong'o anafikaje kituo cha mwendokasi cha Kimara Mwisho saa kumi na mbili asubuhi? Bodaboda na bajaji za kuita kwa simu zingeweza kuziba pengo hilo, ila kwa utaratibu wa sasa haziwalipi madereva.

Fanya hesabu. Dereva akipata ombi akiwa kilomita 2 kutoka kwa abiria, na safari yenyewe ni kilomita 1.5, amechoma mafuta ya kilomita 3.5 na kulipwa 1.5. Nauli ikiwa Sh2,000 na kamisheni ya kampuni ya programu asilimia 20, anabaki na Sh1,600, hapo bado mafuta na hesabu ya bosi mwenye chombo. Ndiyo maana anapiga simu kwanza kuuliza "unaelekea wapi?", na akisikia ni kituoni tu, anaghairi. Jioni dawa ni rahisi: anayeshusha abiria Kimara awe wa kwanza kupewa ombi linalotoka hapo hapo. Asubuhi haisaidii, kwa sababu wote wanakuja kituoni na hakuna anayetoka. Hapo kamisheni ndiyo ipungue, kwa safari fupi za kituoni peke yake. Kuibana kamisheni kwa safari zote kuna gharama yake: mwaka 2022 kampuni ya Uber ilisitisha huduma nchini baada ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kuweka ukomo wa kamisheni.

Halafu kuna ramani. Barabara ya Morogoro ni pana, na alama ya mahali kwenye simu ikiteleza kidogo tu, abiria yuko upande wa kituo na dereva yuko ng'ambo, akitafuta pa kugeuzia. Mahali pa kuchukulia pasiachiwe simu ikisie. Pawekwe kwenye programu kwa jina na namba, na pale barabarani pawe na kibao chenye namba ile ile. Na kabla ya kibao kusimikwa, viongozi wa vijiwe vya bodaboda waitwe, vijana wao wasajiliwe kwenye mfumo huo huo. Ukiwaruka, madereva wa mtandao watafukuzwa kijiweni siku ya kwanza.

Wapo wanaotaka Serikali ichangie nauli hizi. Iwezekane, ila kwa kipimo. Kaunti ya Pinellas, Florida, ilianza mwaka 2016 kuchangia safari zinazoanzia au kuishia kwenye vituo vya basi vilivyoteuliwa. Mchango una kikomo, kinachozidi abiria analipa mwenyewe. Walishirikisha pia taksi za kawaida na magari ya wenye viti vya magurudumu, jambo ambalo hapa husahaulika. Mji wa Innisfil, Kanada, mwaka 2017 uliamua Uber iwe ndiyo usafiri wenyewe wa umma, bila basi. Watu wakaipenda, na hapo ndipo balaa lilipoanzia: basi likijaa, gharama kwa kichwa hushuka, lakini kila safari ya gari dogo huongeza bili. Kufikia 2019 walipandisha nauli na kuweka ukomo wa safari 30 kwa mwezi.

DART, wakala wa mabasi ya mwendokasi, ianze na kituo kimoja, Kimara, na sharti moja kwa kampuni za programu: kila mwezi zikabidhi idadi ya maombi kwa saa na kwa mtaa, yaliyoghairiwa yakiwemo, bila majina ya abiria. Mtaa wenye maombi mengi kila asubuhi upelekewe basi dogo la kulisha kituo, bodaboda zihamie mitaa ambayo basi haliingii.

Mdau wa usafiri,
Dar es Salaam