Vipuri vya simu viandikwe aina ya plastiki

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie kitu kidogo ambacho sisi mafundi simu tunakigusa kila siku: kile kiplastiki cheusi ndani ya sistimu ya chaji (pale unapochomeka waya wa chaji), kinachoshikilia pini.

Nina miaka kumi na nne kwenye kazi hii hapa Mwanza. Mwezi uliopita nilibadilisha sistimu ya simu ya mama mmoja anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba. Oda zake za Kongo zote huja kwa simu hiyo. Ile ya zamani niliing'oa kwa hita ya upepo ikatoka nzima. Mpya, niliyonunua dukani ikiwa inafanana nayo kabisa, ililegea na pini zikalala kabla hata lehemu haijashika. Nikanunua nyingine kwa fedha yangu, na mama akapoteza siku mbili za biashara.

Lehemu ya siku hizi, ya bati, fedha na shaba, huyeyuka kwenye nyuzi 217 za Selsiasi. Ya zamani yenye risasi iliyeyuka kwenye 183. Kiwandani bodi hupitishwa kwenye tanuri linalokaribia 250, na kiplastiki kikiwa ndani yake. Ndiyo maana viunganishi vingi vizuri, kama sistimu hii, hutengenezwa kwa plastiki inayostahimili joto hilo, iitwayo polima ya fuwele kimiminika, kwa kifupi LCP.

Wenzangu wengi hudhani plastiki bora ni ile isiyoyeyuka kabisa. Lakini isiyoyeyuka utaimiminaje kwenye umbo lenye matundu membamba kama haya? Molekuli za LCP ni ngumu na zimenyooka kama fito. Funga mzigo wa fito zilizonyooka tupu, utabana hadi usichomoe hata moja. Plastiki iliyotengenezwa kwa kemikali moja tu, asidi ya haidroksibenzoiki, iko hivyo: inaanza kuharibika kwa joto kabla ya kuyeyuka. Wakemia wakachanganya fito zenye kikombo. Miaka ya 1980 kampuni ya Celanese ya Marekani ilitumia kiungo chenye pete mbili za naftalini, ndugu wa vile vidonge vyeupe tunavyoweka kabatini kufukuza nondo. Mzigo ukalegea kiasi, fito zikabaki zimeelekea upande mmoja, na plastiki hiyo, Vectra, ikawa inayeyuka karibu na nyuzi 280. Juu ya joto la tanuri, chini ya joto la kuungua. Mimi naona hiyo ni kazi ya ufundi hasa.

Ukishusha zaidi joto lake la kuyeyuka, plastiki italegea ndani ya tanuri. Watafiti wa Delft, Uholanzi, pamoja na wenzao wa NASA, walipita njia nyingine: minyororo mifupi ya molekuli inayotiririka kirahisi, ambayo ncha zake hushikana ikipashwa zaidi, na baada ya hapo haiyeyuki tena.

Ninachoomba ni hiki. Waingizaji wa vipuri waandike kwenye pakiti aina ya plastiki. Herufi tatu zinatosha. Na vyuo vya ufundi vifundishe plastiki kama vinavyofundisha saketi, kwa sababu haya nimeyasoma mwenyewe usiku baada ya kufunga duka. Bei ikipanda kidogo, wateja wangu nitawaeleza. Pakiti iliyo mezani kwangu sasa imeandikwa jina la simu na rangi tu.

Fundi simu,
Mwanza